Kilima cha Kilomita Ishirini na Saba

Karatasi ilikuwa imekwisha kupigwa chapa kabla Inspekta Donat Kabange hajaulizwa neno. Komisaa Mumba aliisukuma juu ya meza, akalaza kalamu juu yake, akageukia dirisha kama mtu aliyemaliza kazi ya siku. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, mwezi wa pili wa mwaka 1961, miezi saba tangu Katanga ijitenge na Kongo. Mvua ya alfajiri ilikuwa bado inadondoka kutoka mabati ya kituo cha polisi cha Elisabethville, mji ambao wenyewe waliuita Lubumbashi, Mzungu awepo asiwepo.

Donat aliisoma amesimama, mstari kwa mstari. Ilisema kwamba jana asubuhi dereva Casimir, Mluba wa Kasai, alikuwa akipeleka masanduku kumi na mawili ya dawa kwenye zahanati za barabara ya Pweto. Mifuko yake ya mchanga aliiacha kusudi kwenye lango la bohari, na alipofika kilima cha kilomita ishirini na saba alizungusha magurudumu kwa makusudi mpaka gari likakwama, na wenzake watatu waliofunga vitambaa usoni wakatoka porini wakazibeba dawa zote. Kwa hiyo dereva huyo, adui wa Katanga, akabidhiwe kwa askari wa kambi leo saa kumi alasiri. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya jina la afisa aliyepeleleza.

Siku zile, Mkasai aliyekabidhiwa kambini hakurudi hata kuchukua koti lake. Kila mtu mjini alilijua hilo, na Komisaa alilijua kuliko wengi.

"Nani alipeleleza hii, Monsieur le commissaire?" Donat aliuliza.

"We. Njo maana jina yako itakuwa pale."

Donat aliirudisha kalamu kwenye kikombe chake. Alisema hasaini kitu ambacho hajakiona kwa macho yake. Komisaa akageuka na kumkumbusha kwa sauti ya upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kufokewa, kwamba yeye Donat naye ni Mluba, hata kama ni wa hapa hapa Katanga. Kaskazini kwao kunawaka moto, na wakubwa wameanza kuulizana polisi ina watu wangapi wa kaskazini. Donat alijibu kwamba baba yake aliendesha garimoshi la nchi hii miaka thelathini na hakuna aliyemwuliza kwao wapi. Akaongeza kwamba atarudi kabla ya saa kumi. Kama atasaini, atasaini alichokiona.

Nje, ukutani, alisimama mwanamke mwenye sahani iliyofungwa kwa kitambaa cheupe. Alikuwa Mujinga, mke wa Casimir. Alikuwa hapo tangu jana mchana, na alfajiri ile alikuwa amepika tena na kurudi. Mlinzi alikuwa amemwambia mara tatu aiache sahani aende zake. Donat alijitolea kuiingiza mwenyewe. Mwanamke alimtazama kwa macho makavu.

"Apana, chef. Nitamupa mu mikono yake, miye mwenyewe."

Donat hakumsukuma. Aliingia ndani akafunguliwa mlango wa mahabusu.

Casimir alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyesoma kwa mapadri, mwenye miwani iliyopasuka jicho moja kwa teke la jana. Mikono yake ilikuwa kwenye pingu. Donat alimwita Baba Casimir, na mlinzi akakohoa kwa kutopendezwa, akohoe tu. Kisha akamwuliza swali ambalo mzee huyo hakulitarajia. Hakumwuliza alifanya nini. Alimwuliza gari lilifanya nini.

Casimir alivuta pumzi. Tangu jana hakuna aliyeulizia gari.

"Moteur ilikuwa muzuri," alisema. "Nilipanda na gia ya première. Katikati ya mulima, magurudumu ya nyuma ikaanza kuzunguka bure. Mutuka haikuzama, chef. Ilikuwa inateleza tu, matako yake inaenda ku kando."

Kilima kile alikuwa amekipanda zaidi ya mara mia, na kwa mvua kubwa kuliko ile. Donat akafika kwenye jambo lililomuumiza zaidi katika karatasi ya Komisaa: mifuko.

Dereva yeyote wa barabara za udongo mwekundu alikuwa na mifuko yake miwili ya mchanga mweusi, ule wa taka za kiyeyusho cha shaba, ambao ni mzito kuliko mchanga wowote wa mtoni. Pikapu ikiwa tupu, nyuma huwa nyepesi na magurudumu hayashiki. Hivyo mifuko hulazwa juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Gari likipakiwa, mifuko hushushwa. Mifuko ya Casimir ilikuwa na jina lake kwa rangi nyeupe, na jana ilikutwa imeachwa kwenye lango la bohari ya dawa. Hapo ndipo Komisaa aliposhikilia kidole chake: dereva anayejua mvua imenyesha, halafu anaacha mifuko, anataka kukwama.

"Feuille ya mizigo ilikuwa inasema kilo mia saba na makumi mbili," Casimir alisema. "Ukipakia ile yote, na tena utie mifuko, unavunja ba ressorts, ile springi ya nyuma. Juu ya sababu gani ningebeba mifuko?"

Donat aliuliza kama aliyaona masanduku yakipakiwa. Hakuyaona. Tangu Noeli, watu wa Kasai walikuwa wamekatazwa kuvuka lango la bohari. Alisimama nje akinyeshewa, wapakizi wakaingiza pikapu ndani, wakaitoa imefungwa turubai. Aliambiwa asiguse kamba. Na njiani, je? Njiani gari lilikuwa linarukaruka mno kwenye mashimo, naye akasema moyoni ni zile springi mpya za juma lililopita.

Donat aliandika neno hilo, akalipigia mstari.

Uani, pikapu ya kijani ilikuwa imeegeshwa kama ilivyoletwa. Jana lori la mihogo lilikuwa limeivuta mpaka mjini, na tangu hapo hakuna aliyeigusa. Donat alimwita Chomba, fundi wa gereji iliyohudumia magari ya polisi na ya bohari pia, Mbemba wa Sakania, mtu wa maneno machache na mikono isiyotakata hata Jumapili. Alimwambia: tafuta sababu ya gari hili kuteleza, na usinionee haya.

Walianza na matairi. Meno yake yalikuwa marefu. Chomba aliingiza kidole, kikazama hadi kwenye kucha. Wakapiga jeki na kuinua nyuma yote. Chomba alizungusha gurudumu la kushoto kwa mkono, na la kulia likazunguka kinyume, laini, bila mkwaruzo: difu nzima. Akagusa ngoma za breki, hazikuwa na mafuta wala harufu ya kuungua. Klachi? Klachi ikichoka, injini hulia na magurudumu hayaendi, bali ya Casimir yalizunguka mpaka yakatoa moshi. Klachi ilikuwa safi.

Kisha Chomba akachomeka kipimo cha upepo kwenye tairi, akakitazama, akatazama pembeni.

Kilisoma tatu na nusu. Kwa gari tupu, mbili zinatosha sana. Tairi gumu namna ile hugusa udongo kwa ukanda mwembamba, halishiki. Donat alimwuliza nani alijaza upepo huo. Chomba alijifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema ni yeye.

Kwa dakika nzima Donat alidhani amempata mtu wake, na haikumpendeza. Alimtaka aeleze. Chomba alieleza kwa hasira: juzi jioni bohari ilimletea gari pamoja na ile feuille, kilo mia saba na ishirini. Kwa mzigo kama huo unajaza tatu na nusu, la sivyo tairi linakalia rimu na kupasuka kabla ya kilomita kumi. Mzigo wenyewe ndio unaolikandamiza tairi mpaka lishike. Alifanya kama afanyavyo kila juma. Kama hilo ni kosa, basi wamkamate na yeye, wamweke chumba kimoja na Casimir, angalau huko atapata mtu wa kuzungumza naye.

Donat alimwambia atulie. Alikuwa amekumbuka kitu. Baba yake, kwenye garimoshi, alikuwa na sanduku la mchanga mbele ya magurudumu, na reli ikilowa alivuta waya mchanga ukadondoka. Mzee alizoea kusema kwamba injini ikitembea peke yake bila mabehewa ndiyo inayompa shida asubuhi za mvua, kwa sababu ni nyepesi.

"Kama hapana matairi, hapana difu, hapana klachi," Donat alisema, akimwita kama kaka mkubwa, "inabakia nini, yaya?"

Chomba aliingia chini ya gari kwa mgongo, akamwita. Juu ya ekseli, kila upande, kulikuwa na kipande cha mpira ambacho fremu hukikaribia gari likielemewa. Gari zito likipita shimo, fremu hugonga pale. Juu ya mpira huo palikuwa na ganda la udongo wa zamani, kavu, lililokauka wakati Chomba alipofunga springi juma lililopita. Halikuwa na ufa hata mmoja.

"Inabakia uzito," Chomba alisema kutoka chini.

Ilikuwa saa nne na nusu. Donat alikuwa amejua. Sasa alihitaji kuwafanya wengine wajue, na wale wengine hawakuwa na hamu.

Muuguzi Hortense, aliyekaa mbele na Casimir siku ile, Donat alimkuta kwenye hospitali ya Waafrika. Alikuwa binti wa Kambove, mwenye sauti ndogo, na aliogopa. Donat hakumwuliza kuhusu Casimir. Alimwuliza kuhusu wezi. Wezi walitoka juu ya kilima, alisema, wakikimbia kuteremka, wanahema, na mmoja alikuwa anatukana. Walikata kamba za turubai, wakabeba, wakaingia porini, wakarudi mara moja tu, wakatoweka. Muda gani? Hakuwa na saa. Alikuwa anasali rozari, na hakumaliza hata fungu moja.

"Balikuwa bantu batatu, mara mbili," Donat alihesabu. "Masanduku kumi na mbili."

"Njo vile. Kila muntu alikuwa anabeba mbili. Moja juu ya ingine, mbio."

Donat alimwomba arudie, akaandika, na muuguzi akasaini kwa mwandiko mzuri wa masista. Kila sanduku kwenye feuille lilikuwa na kilo sitini. Donat hakuwahi kumwona mwanadamu anayekimbia porini na kilo mia na ishirini kichwani, na alikuwa amekulia na wapakua shaba.

Bohari ya dawa ilisimamiwa na Désiré, kijana wa shati jeupe na viatu vinavyong'aa hata msimu wa matope. Alimpokea Donat kwa kiti na kwa sigara. Alikuwa tayari kusema. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaonyesha polisi mifuko ya Casimir langoni. Yeye mwenyewe aliyapima masanduku yote kwenye mizani, moja moja, na kushuhudia yakigongomewa misumari: chupa za seramu, kwinini, penisilini. Donat alimwomba aliandike hilo kwa mkono wake. Aliandika. Alimwuliza kama ana hakika hakuna hata sanduku moja lililokuwa na upungufu. Désiré aliongeza mstari: yote yamejaa, kilo sitini kila moja. Akasaini kwa mkato mrefu.

Donat alikausha wino kwa uangalifu, akaikunja karatasi. Kisha akaomba kuazima masanduku kumi na mawili matupu ya aina ileile, na akamwomba Désiré amsindikize kilimani mchana, kwa heshima, kama shahidi wa serikali. Désiré alitazama saa yake. Alisema ana kazi. Donat alisema Komisaa atakuwapo, na mtu aliyeibiwa bohari yake asipokuja ataleta maswali. Désiré akachukua koti.

Saa nane walikuwa wote chini ya kilima cha kilomita ishirini na saba. Mvua ilikuwa imekatika tena, barabara nyekundu imelowa sawasawa na jana. Komisaa Mumba alikuja na gari lake na dereva wake, Edouard, mtu mnene wa kusini aliyeendesha wakubwa tangu enzi za Wabelgiji. Casimir aliletwa na pingu zake. Kwenye mteremko, kikosi cha watengeneza barabara, watu tisa na majembe, waliacha kazi wakakaa kutazama, maana hakuna aliyewahi kuwaletea burudani huko.

Kabla ya yote Donat alimpeleka Komisaa kwenye alama za magurudumu ya jana, pale katikati ya mlima. Zilikuwa mbili, zimejaa maji. Aliingiza mkono: maji yalifika kwenye kifundo tu. Gari la kilo mia saba likizungusha magurudumu kwenye udongo huu, alisema, linachimba kaburi mpaka ekseli ilale chini. Hili lililamba tu juu juu.

Komisaa alisema matope si ushahidi. Donat alisema basi tuendelee.

Alikuwa amemwagiza Chomba asiguse upepo wa matairi. Masanduku matupu yalipangwa nyuma, turubai likafungwa. Casimir hatapanda usukani, Donat alieleza, kwa sababu akikwama mtasema amefanya kusudi. Chomba pia hatapanda. Ni rafiki yake. Aendeshe dereva wa Komisaa mwenyewe.

Edouard alikubali kwa kucheka. Alipanda kwa gia ya kwanza, injini ikilia vizuri, na watengeneza barabara wakampigia miluzi. Katikati ya mlima, hatua tatu juu ya alama za jana, magurudumu ya nyuma yalianza kuzunguka bure. Edouard alikanyaga mafuta. Nyuma ya gari ikayumba, ikaenda kando, ikasimama upande upande na matope yakiruka mpaka kwenye viatu vya Désiré. Alijaribu mara tatu. Aliposhuka, jasho lilikuwa limemlowesha kola.

Donat alimgeukia mkuu wake.

"Monsieur le commissaire, Edouard naye iko Muluba ya Kasai?"

Watengeneza barabara walicheka, kisha wakaogopa, wakanyamaza.

Pikapu iliteremshwa kinyumenyume. Masanduku yakashushwa. Donat akawaita watu tisa wa majembe, akawaambia wapande nyuma, na baada yao askari wawili. Sanduku moja kilo sitini, mtu mmoja mwembamba kilo sitini. Huu ndio mzigo uleule wa feuille. Alihesabu kumi na mmoja. Akamwangalia Désiré.

"Unabakia we. Panda."

Désiré alisema viatu vyake. Alisema yeye ni msimamizi wa bohari, si mzigo. Mtu mmoja nyuma ya gari alisogea kumpa nafasi na kumpangusia ubao kwa mkono, kwa adabu yote, na hapo hakukuwa na namna. Alipanda, akashika upande wa bodi kwa vidole viwili.

Pikapu ilikaa chini kwenye springi zake. Matairi yale magumu yakabonyea, yakatanuka. Edouard aliweka gia ya kwanza, kilima kilekile, udongo uleule, upepo uleule wa tatu na nusu. Gari lilipita alama za jana bila hata kutikisika, likapanda mpaka kileleni, na watu wa majembe wakaanza kuimba.

Donat, Komisaa na Casimir waliwafuata kwa miguu. Juu, Donat aliwaonyesha kile alichokiona alipotangulia kukagua. Kando ya barabara, chini ya majani yaliyokatwa, kulikuwa na gogo la mti, mbichi, limekatwa kwa shoka, na njia ya kuburuzwa ilionekana mpaka katikati ya barabara. Lilikuwa limewekwa kuzuia gari. Kisha likaondolewa.

Hapa hasira ya Donat ilitoka, na hakuificha. Mwizi gani, aliuliza, anakata mti kama huu na kuulaza kileleni, ikiwa amekwisha patana na dereva akwame chini? Wale watu walikuwa wakingoja hapa juu. Hawakujua kwamba gari halitafika. Ndiyo sababu Hortense aliwaona wakiteremka mbio wakihema, mmoja akitukana. Aliyepanga wizi huu alitoa dawa kwenye masanduku, akasahau kwamba feuille yake ya uongo ingemfanya fundi ajaze matairi ya mzigo mzito, na ingemfanya dereva mwaminifu aache mifuko yake langoni. Alisahau kwa sababu hajawahi kuendesha chochote kwenye matope. Ile mifuko mliyoiita ushahidi wa hila ndiyo ushahidi kwamba Casimir aliamini gari lake limejaa.

Akatoa karatasi aliyosaini Désiré na kuisoma kwa sauti: yote yamejaa, kilo sitini kila moja.

"Sasa chagua," alimwambia. "Kama ilikuwa yenye kujaa, jana mutuka ingepanda, sawa vile imepanda na we ndani. Kama haikupanda, uliandika bongo, uongo mutupu."

Désiré hakumtazama yeye. Alimtazama Komisaa, kwa muda mrefu, na kila mtu pale juu aliuona mtazamo huo.

"Donat," Komisaa alisema chini chini, "unajua huyu ni beau-frère, shemeji ya mukubwa gani?"

"Sikumuuliza ile. Nilimuuliza kilo."

Edouard alizima injini. Watu waliacha kuimba. Désiré alishuka polepole, matope yakamfika kwenye soksi, na akasema kwa sauti ambayo Donat ilibidi ainame kuisikia kwamba dawa ziko Sakania, kwenye behewa la unga, zinangoja kuvushwa mpaka.

Komisaa Mumba alitoa ile karatasi ya asubuhi mfukoni. Hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Alikuwa mtu aliyechoka kuogopa. Alisema askari wa kambi watafika saa kumi na hawatapenda kuondoka mikono mitupu. Lifutwe jina la Casimir, liandikwe la huyu, mambo yaishe.

Donat alikataa. Alisema Désiré atakwenda kwa hakimu, na wakili wake, na mizani yake ya bohari. Kambini haendi mtu. Komisaa akamwambia kama ni hivyo, atasaini peke yake, na yatakayomfika yatamfika peke yake. Donat aliweka daftari juu ya boneti ya pikapu, akaandika ripoti ya mistari kumi na mmoja, na chini yake akaandika jina lake lote, Donat Kabange wa Kabalo, ili pasiwe na wa kuuliza kwao wapi.

Edouard aliirudisha pikapu chini, na watu wa majembe wakateremka. Casimir alifunguliwa pingu, zikafungwa kwenye mikono ya Désiré. Mzee alisugua vifundo vyake. Aliambiwa aendeshe gari mjini, akasema hapana. Kila mtu alimgeukia.

"Vile iko, siendeshi," alisema. "Iko mubaya. Acheni niitengeneze kwanza."

Alipiga magoti kwenye kila tairi na kutoa upepo, akisikiliza mluzi wake, akibonyeza kwa gumba, mpaka kipimo cha Chomba kikasoma mbili. Chomba alikuwa ameileta ile mifuko miwili kutoka ghala la vielelezo. Casimir aliilaza mwenyewe nyuma, si mwishoni, si katikati, bali juu ya ekseli kamili, akaipigapiga ikae. Halafu akapanda usukani, na badala ya kugeuza kuelekea mjini, akakiendea kilima. Askari mmoja alishika bunduki. Donat alimshika mkono.

Casimir alipanda kwa gia ya pili, taratibu, bila kukanyaga. Gari lilikuwa tupu isipokuwa mifuko ile. Lilipita alama za jana, likapita za Edouard, likafika juu. Lilisimama pale kileleni kitambo kidogo, injini ikinguruma, kisha likageuka na kurudi. Désiré alikalishwa nyuma, juu ya mifuko yenye jina jeupe, na wakaenda.

Saa kumi kasoro dakika tano lori la askari wa kambi lilikuwa tayari mbele ya kituo. Sajini aliomba mtu wake. Donat alimjibu kwamba hakuna karatasi ya kumkabidhi mtu iliyosainiwa, kwa hiyo hakuna mtu. Sajini akamtafuta Komisaa kwa macho; Komisaa alikuwa ndani ya gari lake, amefunga kioo, anasoma kitu mapajani ambacho hakikuwapo. Sajini alitema mate chini, akasema watarudi.

Désiré aliposhushwa na kuingizwa ndani, Casimir alizima injini na kushuka. Mujinga alitoka ukutani, akavuka barabara mbele ya lori lile lile, akafungua kitambaa cheupe. Bukari, ule ugali wa huko, ilikuwa imepoa na kukauka juu, na samaki wa Pweto mmoja. Aliiweka sahani kwenye mikono ya mumewe kama alivyosema. Mlinzi wa mlangoni aliwaambia hairuhusiwi kula hapo.

Casimir aliosha mikono kwa maji ya mvua yaliyokuwa kwenye boneti, akaegemea pikapu yake, na akala yote.